Waliokuwa Benchini Siku Ile

Benchi lenyewe lilikuwa ubao tu juu ya matofali, mbele ya duka la kinyozi waliyemwita Wembe. Waliolikalia waliamini kwamba nchi ingewasikiliza wao, ingepona zamani. Asubuhi hiyo mjadala ulikuwa Tume ya Ukweli. Ilikuwa imefika mjini, na kesho yake watu wangesimama hadharani ukumbini kueleza yaliyowapata enzi za kamatakamata. Wembe hakuwa na mteja, na wenzake hawakuwa na kazi, kwa hiyo taifa lilikuwa katika mikono salama.

— Nchi iliyogawanyika ni kama redio mbovu, alisema Kipaza, fundi redio. Usipoifungua, haiimbi.

— Redio ya nani wewe umeifungua ikaimba? akauliza Wembe.

— Naongea nadharia, bwana!

Profesa, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya miwani yake yenye kioo kimoja, akakohoa.

— Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Yaani ukweli usemwe kabla haujapikwa.

— Huu si umeshaungua kabisa? akauliza Wembe.

— Basi uliwe hivyo hivyo! Utamsamehe vipi mtu asiyesema alichokufanyia?

Hapo Wembe akashangaa: Profesa kasema la maana. Ila hakujua kuishia hapo.

— Halafu kila paa lifungwe spika, kila mtu atangaze dhambi zake alfajiri!

— Hakutalalika, akapinga Kipaza. Bora nchi nzima ilale uwanjani, waliofunga na waliofungwa, mto mmoja watu wawili. Mkikoromeana usiku kucha, chuki itatoka wapi?

— Mkeo unamkoromea miaka yote, mbona hakupendi? akadakia Wembe.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Hawakumwona mjane wa fundi viatu, aliyekuwa mwenzao wa benchi, mpaka mama huyo aliposimama mbele yao.

— Hamjambo, mashemeji?

— Hatujambo, shemeji. Karibu kahawa.

— Ahsante, sikai. Kesho nasimama mbele ya Tume. Mwenzangu alichukuliwa hapa hapa, mchana kweupe, na nyinyi mkiwepo. Nataka kujua kitu kimoja tu. Alisema nini?

Waliokuwa na dawa ya taifa zima wakainamia vikombe vyao. Profesa akavua miwani akaifuta, hata upande usio na kioo.

— Mimi nilikuwa chini ya benchi, shemeji, Kipaza akasema mwishowe. Niliona viatu tu.

— Mimi nilikimbilia kutafuta msaada, akasema Profesa.

— Uliupata?

— Bado.

Mama yule alitaka kucheka, akashindwa. Akamgeukia Wembe.

Wembe siku ile alikuwa amejifungia dukani kwa komeo, mteja akiwa na povu nusu ya uso. Sauti ya fundi viatu ilipenya mbao za mlango. Tangu hapo alikuwa akijiambia kwamba hakuisikia vizuri.

— Aliniita mimi, akasema. Alisema, “Kaka, fungua.”

Mjane akakaa benchini, taratibu, kama mtu aliyebeba mzigo na hajui autue wapi.

— Sikufungua, shemeji.

— Nilikuwa najipa moyo kwamba hakufa akijua hana mtu.

— Alikuwa hana mtu. Wembe hakuthubutu kumtazama usoni. Tulikuwepo watatu, na alikuwa hana mtu.

— Utayasema hayo kesho? Mbele za watu, na waliomchukua wakisikia?

— Nitayasema.

Mama akajifuta macho kwa ncha ya khanga, kisha akasogea kidogo, kinyozi apate pa kukaa.