Bi Kiraka Aliyechoka Kushona kwa Mkono

Ijumaa hii, baada ya miaka ishirini na mitatu ya kuandika programu katika idara yetu ya kompyuta hapa hospitalini, Bi Kiraka anastaafu. Anatuachia vivinjari vyetu, na havijapata adabu hata kidogo.

Jina hilo alilipata kwa jasho. Kila kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, kina kichwa chake: kipya kinaelewa msimbo, yaani maandishi ya programu, wa kisasa, cha zamani kinakodoa macho tu. Kazi ya Bi Kiraka ilikuwa kuandika vipande vya msimbo vya kukisaidia hicho cha zamani. Viraka. Akiziba huku, panapasuka kule. Kuna wiki alizokuwa akiiambia kompyuta maneno ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa.

Kisha mkuu wetu akaona tovuti ya miadi ya hospitali imekuwa nzito kwa viraka. "Toeni viraka vyote," akaamuru. "Nani bado ana simu za kale?" Wagonjwa ndio wanazo! Jumatatu asubuhi ukurasa wa miadi ulikuwa mweupe pe kwenye simu zao, na wajawazito wakapanga foleni hadi getini. Mmoja wao alikuwa binti yake Bi Kiraka.

 Bi Kiraka alirudisha viraka, akaketi, akasema, "Nimechoka kushona kwa mkono. Sasa mashine ishone."

Kusema ni rahisi. Alitaka kila tunapoandaa toleo jipya la tovuti, mfumo wenyewe uangalie wagonjwa wanatumia vivinjari gani, kisha uweke viraka vinavyohitajika tu. Mfumo ukaweka kiraka juu ya kiraka. Akaurekebisha, ukaacha kuweka kabisa. "Mkaidi kama baba watoto," alinung'unika, na mumewe hakuwepo kujitetea. Miezi ikapita. Siku ulipokubali, ukurasa ulifunguka kwenye simu ya binti yake, tena mwepesi kuliko mwanzo. Hakushangilia. Aliagiza chai, akalala mezani kabla haijafika.

Juzi mfumo ulikwama tena, skrini ikajaa maandishi mekundu ya hitilafu. Sote tukakigeukia kiti chake. Alikuwa ameshatundika mkoba begani. "Someni kilichoandikwa, wanangu. Maandishi mekundu hayang'ati." Akatoka. Tukasoma. Tukarekebisha wenyewe, tukigombana hadi saa ya chakula.

Asante, mama. Tunakuombea asubuhi ndefu zisizo na kengele, na mjukuu msikivu kuliko vivinjari. Ila simu, tafadhali, usiizime.