Mkate wa Mama Mkwe

Kwenye Probox ya abiria ya kutoka Siakago, mama mmoja aliyekuwa akila ndizi alikasirikia kanisa ambalo hata si lake. Aliyemsimulia ni Mukami, mwanamke kijana aliyekaa kati yetu.

"Jumapili Pastor Njura alikuwa anatupatia Meza ya Bwana. Kufika kwa mama mkwe wake, huyo mama akainamisha kichwa, akakataa kufungua mdomo. Si unajua kwetu mama hakuli mbele ya mkwe wake. Basi pastor akampatia mzee wa kanisa sahani ya mkate amlishe, akageuka akaangalia ukuta mpaka mama akameza. Mimi nililia."

"Ulilia nini, msichana wangu?" mama akauliza, akimenya ndizi ya pili. "Mbele ya Yesu hakuna mambo ya ukwe. Huyo ni mchungaji, huyo ni kondoo."

"Lakini mama, huyo kondoo ndiye alimzaa bibi ya pastor. Na Biblia haijasema ukiwa pastor uache kuheshimu wazazi."

"Hizo ni mila tu," mama akasema, mdomo umejaa. Mimi nilikuwa upande wa Mukami, ila hakuna aliyeniuliza.

Gari likasimama stejini. Mwanamume aliyekuwa akingoja na pikipiki akaja kupokea mizigo, akasimama mbali kidogo na mlango, macho chini.

"Ni mkwe wangu," mama akatuambia polepole. Akameza haraka, akamwachia Mukami ndizi iliyobaki, akajipangusa mdomo vizuri, ndipo akashuka.