Kibao Bustanini kwa Kocha

Jumatatu asubuhi, benchi la nje ya duka la pembejeo pale Harlow, Alabama, lilikuwa na wenyewe: Dikoni wa kanisa la Kibaptisti, Mbolea mwenye duka na birika la kahawa, na Hoyt, ambaye siku hiyo roho yake ilikuwa mkononi. Chuo chao cha Pruitt, kilichowahi kutwaa ubingwa wa mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti, miaka saba mfululizo, kilikuwa kimepoteza mechi ya Jumamosi kwa majirani zao. Chuo kingine kikamwita kocha wao, Ledbetter, akafundishe huko, na mchana huo alitakiwa kusema kama anabaki. Na Jumapili, watu wakiwa kanisani, Hoyt kwa hasira zake alikwenda kusimika kibao cha NYUMBA INAUZWA bustanini kwa kocha. Ndivyo Harlow wanavyomwambia kocha afungashe virago. Sasa hasira zilikuwa zimemwisha.

— Tulianza kuporomoka tulipong'oa nyasi uwanjani tukatandika zulia la plastiki, — alisema Mbolea.

— Acha porojo! — Dikoni alidakia. — Ni bendi. Ilipobadilisha sare tu, basi.

— Kwani tarumbeta inakimbia na mpira?

— Wote hamjui kitu, — alisema Hoyt. — Ni yule mbwa wetu wa bahati. Walimzika uwanjani akitazama upande wa wageni. Toka hapo hatuoni ndani.

— Na kocha wetu wa zamani, mzee Stamps, je? Makombe saba, tukamtimua kwa kupoteza mechi mbili!

— Mbili za nyumbani, Dikoni!

— Waliomfuata wote magarasa. Huyu wa sasa kashinda mechi nane msimu huu. Akiondoka, tumekwisha.

— Aondoke kwa nini? — aliuliza Hoyt, akichungulia kikombe chake.

— Kuna mpuuzi kampandia kibao.

Gari likasimama. Akashuka Bi Ledbetter, mke wa kocha, kibao mkononi, udongo bado umeganda kwenye kigingi chake. Wazee wakavua kofia.

— Karibu kahawa, mama.

— Asanteni, sikai. Mume wangu kaniuliza mimi, nami nawauliza nyie. Mnatutaka au hamtutaki?

Dikoni akamtazama Mbolea. Mbolea akamtazama Hoyt. Hoyt alitaka kusema wanawataka, tena sana, maana alimpenda yule kocha kwa dhati. Akafungua mdomo.

— Inategemea, mama… Jumamosi hii tunacheza na nani?

Bi Ledbetter akakiegemeza kibao benchini, karibu na goti la Hoyt, akarudi garini.