Bwana Sylvester Masolwa, Mtunza Mitundu wa Bustani ya Kambini

Bwana Sylvester Masolwa, mtunzaji mkuu wa Bustani ya Mimea ya Kambini hapa Tabora, anastaafu leo, tarehe 31 Oktoba 1956, baada ya kutumika miaka ishirini na saba na miezi minane. Kamati imeniagiza mimi, karani wake, niandike wasifu huu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu tumsifu bila hofu, maana kazi ameshaimaliza.

Alianza Machi 1929, wakati wenyeji wa mji, Waislamu kwa Wakristo, walipojitolea kufyeka kiwanja kilichokuwa kambi ya wapagazi kando ya njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji. Alitoka Lusu, kule Nzega, akamwacha shambani mkewe Pelagia waliyeoana mwaka uliotangulia. Kila walipochimba walikuta mafiga ya wapagazi, meusi bado kwa moshi. Wenzake walitaka kuyang'oa. Yeye alikataa, akazipitisha njia pembeni, ndiyo maana njia zetu zimepinda hata wageni huuliza kama aliyezichora alikuwa amelewa.

Tulitaka bustani ya miti ya kwetu, mitundu na miyombo, si maua ya kuagiza tu. Miche ikafa miaka mitatu mfululizo. Kamati ikakata tamaa. Juni 1932 Masolwa akaenda likizo nyumbani, akarudi na gunia la udongo aliochimba Pelagia chini ya mtundu mkubwa wa porini. Watu walicheka mpaka machozi: mtu aende likizo arudi na udongo! Akautia kidogo kidogo kwenye kila shimo la mche, akisema mche wa porini hauwezi kuishi ugenini bila udongo wa mama yake. Miche ikashika. Tangu hapo kila mwaka Pelagia amekuwa akichimba gunia na kulipakia kwenye lori la Nzega, na hakuna mtundu hapa usiokua kwa udongo ule.

Miti ilipokua, wanyama walikuja wenyewe. Kwanza nyuki, kisha kanga, kisha digidigi wawili ambao hata leo hula maua ya waridi ya kamati, na Masolwa hajawahi kuwafukuza kwa moyo mmoja. Ndege yule anayewaongoza watu kwenye asali alisikika mara ya kwanza mwaka 1937, na wazee waliowahi kubeba mizigo walikuja kutoka mjini kumsikiliza. Wengine walilia. Siku ya kufungua banda la miche ngoma ziliwaudhi nyuki, wageni wa heshima wakatimua mbio, na Bwana Shaban fundi cherehani, mjumbe wetu, alitolewa ndani ya pipa la maji. Masolwa alitembea polepole na kitambaa kinachofuka moshi mkononi, akiwaomba radhi nyuki.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limeninyima usingizi. Mtunza bustani hupanda miti mvua zinapoanza. Mkulima wa Lusu naye hupanda mtama wakati huohuo. Kwa hiyo, tangu aajiriwe, Bwana Masolwa hajapanda shamba lake hata msimu mmoja. Mwaka 1941 aliomba ruhusa ya mwezi wa Desemba, mkewe akiwa mjamzito. Mimi, bila hata kuipeleka barua kwa kamati, nilimjibu kwamba wakati wa mvua likizo haitolewi. Binti yao Apolinaria alizaliwa Desemba ileile. Baba yake alimwona Juni, ameshajua kukaa. Masolwa hakuomba tena, wala hakunilaumu, na kila Novemba mawingu yalipokusanyika nilimwona akisimama na jembe, uso umeelekea kaskazini, iliko Lusu. Nilijua anachokitamani. Nilinyamaza, kwa kuwa nilimtaka hapa.

Mwezi uliopita kamati ilikubaliana kumwomba abaki msimu mmoja zaidi, kwa ajili ya miche mia mbili ya mwaka huu. Nikaandika barua, na sikuficha furaha yangu. Masolwa aliisoma, akanirudishia, akasema jibu analo Pelagia.

Pelagia aliwasili jana kwa lori. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona bustani. Nilimwamkia shikamoo, nikamtembeza. Alishika mitundu mmoja baada ya mwingine, akainua macho kutazama matawi, akawa hana haraka. Kisha nikamsomea barua. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa upole.

“Bwana karani,” akasema, “udongo niliwapa. Mume niliwaazima.”

Barua hiyo nimeichana. Wajumbe watanisamehe, au wasinisamehe.

Mama Pelagia, jina lako halijawahi kuandikwa katika karatasi yoyote ya bustani hii. Leo nimeliandika, na tunakushukuru. Bwana Masolwa, miche mia mbili tutaipanda wenyewe, na itakayokufa ni juu yetu. Tutakukumbuka kila asubuhi, mimi kuliko wote. Nenda salama, uishi kwa afya na amani, na mvua ya kwanza ikukute Lusu, jembe mkononi, mkeo kwenye tuta la pili.