Naftali Kiragu, Fundi wa Vioo Aliyenyimwa Jukwaa

Naftali Kiragu Mungai alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1981, hapa nyumbani Mutuini. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Ezbon Mungai na Mama Peris Nyakio. Alimfuata dada yake Njambi, naye akafuatwa na Shiko. Siku hiyo gari la kumpeleka mama hospitalini lilikwama kwenye tope, kwa hiyo Kiragu alipokelewa na mikono ya nyanya yake. Nyanya alipenda kusema kwamba watoto wengine hulia wakizaliwa, lakini huyu aliita.

Alianza shule ya msingi hapa karibu mwaka 1988. Akiwa darasa la nne, mwaka 1991, aliumwa na koo, na baada ya wiki chache magoti yakavimba hata akawa anabebwa mgongoni na baba kwenda msalani. Daktari alisema ni homa ya baridi yabisi, na kwamba ilikuwa imegusa mlango mmoja wa moyo. Tangu siku hiyo alitakiwa kudungwa sindano kila mwezi, kwa miaka mingi. Mama ndiye aliyempeleka, na wakirudi Kiragu alikuwa akichechemea huku akiimba ili Mama asione kwamba kumeuma. Alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1995, akajiunga na shule ya upili ya bweni huko Kiambu, na akamaliza kidato cha nne mwaka 1999. Huko ndiko alikojifunza kusoma noti za muziki. Alikuwa na sauti ya tena, ile sauti ya juu ya wanaume, na kila mwaka alirudi kutoka mashindano ya muziki ameipoteza kwa kushangilia wenzake.

Mwaka 2000 aliajiriwa na Mzee Nzuki, mwenye duka la vioo pale Dagoretti Corner. Alifagia vipande mwaka mzima kabla ya kukabidhiwa kisu cha kukatia. Baadaye Mzee Nzuki alimwachia duka lote aliendeshe. Wateja wanakumbuka alivyogonga kioo kwa ukucha, akategea sikio, kisha akasema, "Hii ni milimita tatu. Ya nne haiimbi hivi." Hakukosea. Mama mmoja wa Kawangware alileta kioo cha kabati kikatwe, akamkuta Kiragu katikati ya wimbo, akasimama mlangoni kusikiliza mpaka mwisho, akaenda zake. Alirudi baada ya wiki tatu kuuliza kama kuna mtu ameona kioo chake.

Mwanzoni mwa mwaka 2005, Mwalimu Odero, aliyekuwa akifundisha muziki mjini, alitangaza kwamba anatafuta vijana wa chini ya miaka ishirini na mitano. Alitaka kuigiza upya opera moja ya kale ya Kiitaliano, hadithi ya kijana wa ukoo mkubwa anayempenda binti asiye na kitu. Yeye aliihamishia Nairobi ya leo. Kijana akawa mtoto wa mwenye nyumba za kupangisha, binti akawa mshonaji anayepanga chumba kwenye ploti hiyo hiyo, na maneno yote yakaandikwa kwa Kiswahili cha mitaani. Vijana zaidi ya mia moja walijaribiwa. Kiragu alikwenda na vumbi la vioo kwenye nywele, akaimba ubeti mmoja, na Mwalimu Odero akamwambia, "Wewe kaa. Wengine watasimama nyuma yako." Alipewa nafasi ya yule kijana.

Kwa miezi sita alifanya mazoezi katika ukumbi mmoja karibu na bustani ya Jeevanjee. Debra aliimba nafasi ya mshonaji. Taib, kijana ambaye baba yake anauza vitambaa mjini, aliwekwa kuwa wa akiba wa Kiragu. Nzula alishona nguo za waigizaji. Wote wanne wako hapa leo, isipokuwa huyu tunayemzika.

Katika miezi hiyo Kiragu aliacha kwenda kudungwa sindano. Siku ya kliniki iliangukia siku ya mazoezi, na sindano ilimwacha akiwa na maumivu ya siku mbili. Familia haikujua. Mnamo Agosti dada yake alimwona akipanda kilima kutoka steji ya matatu, akisimama mara tatu kupumua. Jioni hiyo aliona viatu vyake vimefunguliwa kamba kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Kiragu alimsihi.

"Njambi, hii mambo ya roho yangu iwache hapa hapa nyumbani. Imebaki siku kumi na mbili tu. Nikimaliza kuimba nitaenda kliniki, hata unipeleke na kamba."

"Na ukianguka huko mbele ya watu?"

"Siwezi anguka. Niahidi."

Dada yake aliahidi. Dada huyo ni mimi ninayesoma wasifu huu.

Siku iliyofuata, Jumanne tarehe 16 Agosti, Njambi aliomba ruhusa kazini, akaenda mjini kumwona Mwalimu Odero. Alimweleza yote. Mwalimu aliketi kwenye ngazi ya jukwaa, akavua miwani.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Kwa sababu ungemtoa."

"Basi itabidi nimtoe," akasema. "Alete barua ya daktari ya kumruhusu, nitamrudisha saa hiyo hiyo."

Lakini siku ya karibu ya kumwona daktari wa moyo ilikuwa baada ya wiki tatu, na onyesho lilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Kiragu alirudi nyumbani kabla ya giza. Alimkuta Njambi akichambua mboga na Mama. Hakupaza sauti. "Kama ungenipiga ningekusamehe," alimwambia. "Umechukua kitu ambacho huna njia ya kunirudishia." Mama alijaribu kuingilia kati, akamwambia dada yake alifanya hivyo kwa kumpenda. Kiragu akajibu, "Najua, Mama. Ndiyo sababu sina mahali pa kupeleka hasira." Baada ya hapo hakuzungumza na dada yake kwa miezi sita, ila salamu.

Ni muhimu kisemwe hapa alichofanya siku zile kumi, kwa sababu hakuwahi kujisifu nacho. Taib alikuwa amejua maneno lakini wimbo wa sehemu ya tatu ulimshinda. Kila siku duka likifungwa, Taib alipanda kutoka mjini mpaka Dagoretti Corner, na Kiragu akamfundisha katikati ya vioo vilivyoegemezwa ukutani. Mzee Nzuki aliyasikia yote.

"Hapo usivute pumzi," Kiragu alimwambia. "Ukivuta hapo, watu watajua unaogopa."

"Kaka, hii ni nafasi yako. Mimi naona haya."

"Ona haya baadaye. Sasa imba."

Onyesho lilifanyika Jumamosi, tarehe 27 Agosti 2005, saa tisa alasiri. Ukumbi ulijaa. Njambi alikaa na Mama na Shiko. Kiragu alikataa kiti, akasimama nyuma kabisa, ameegemea ukuta. Taib aliimba vizuri sana, na katika wimbo wa sehemu ya tatu hakuvuta pumzi pale alipokatazwa. Watu waliposimama kupiga makofi, Taib aliteremka jukwaani kumtafuta mwalimu wake ili ampandishe. Hakumpata. Kiragu alikuwa ameshaondoka. Jumatatu asubuhi alikuwa dukani akipima dirisha la mteja, na Mzee Nzuki anasema ilikuwa mara ya kwanza duka lile kuwa kimya. Hakuimba tena mbele ya watu, hata kanisani, ingawa mchungaji alimwomba mara nyingi.

Mwezi Februari 2006 aliambiwa lazima apasuliwe na kubadilishiwa mlango wa moyo. Fomu ya hospitali ilitaka jina la ndugu wa kutia sahihi. Aliandika la Njambi, akamletea ile karatasi jikoni, akasema tu, "Weka sahihi hapa." Hivyo ndivyo walivyorudi kuzungumza. Upasuaji ulifanyika tarehe 9 Machi 2006, na akapata nafuu.

Nzula alikuwa amekuja kumwona hospitalini akiwa na shati la jukwaani alilomshonea, ambalo Taib hakuweza kulivaa kwa kuwa lilimbana mabega. Alisema hajui alipeleke wapi. Kiragu akamwambia aliache, na yeye mwenyewe asiende mbali. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 2008 katika kanisa letu la hapa Mutuini, na tarehe 22 Machi mwaka huu Mungu akawajalia binti, Nyakio, aliyepewa jina la Mama. Kwa ajili ya mtoto huyo Kiragu alianza tena kuimba, kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa. Nzula anasema akisikia mtu anakuja alinyamaza.

Mwezi Juni homa ilimshika na haikukubali dawa. Ilionekana kwamba maradhi yameingia kwenye ule mlango wa moyo uliobadilishwa. Alilazwa Jumatatu, tarehe 3 Agosti. Jumapili ya tarehe 16, saa za kuwaona wagonjwa, Njambi alibaki naye peke yake, akaona hawezi tena kunyamaza. Mwaka 2007 alikuwa amemsindikiza kliniki, na daktari aliyepitia faili yake akashangaa kusikia habari za opera. Alisema kilichomharibu Kiragu ni kukosa sindano, na kwamba alasiri moja ya kuimba haingemuua. Njambi alikaa na maneno hayo miaka miwili.

"Kiragu, kuna kitu daktari aliniambia," akaanza.

"Kwamba ningeimba?"

"Ulijua?"

"Aliniambia mimi kwanza. Nilimwomba asikwambie. Naona alisahau."

"Mbona hukunilaumu?"

"Nilikulaumu. Ule mwaka wa kwanza nilikulaumu sana. Halafu nikaona wewe mwenyewe ukijua utajimaliza. Lakini sitakudanganya, Njambi. Ningependa kuimba. Hata mara moja."

Njambi alimwomba msamaha. Kiragu alimshika mkono, hakumwachilia mpaka kengele ya wageni kutoka ilipolia.

Alifariki Alhamisi, tarehe 20 Agosti 2009, saa nne asubuhi, mkewe akiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Mzee Nzuki aliyefunga duka wiki nzima, Mwalimu Odero na vijana wake waliofika wote, na majirani wa Mutuini ambao hawajatuacha tangu siku ya kwanza.

Kiragu amewaacha wazazi wake, Mzee Mungai na Mama Nyakio, mkewe Nzula, binti yake Nyakio, wa miezi mitano, mdogo wake Shiko, rafiki yake Taib, ambaye ameomba ahesabiwe kuwa ndugu, nasi tumekubali, na mimi, dada yake, niliyesema.

Mungu aliyemkopesha sauti hiyo amlaze pema na kwa utulivu. Nenda salama, Kiragu.