Mikono ya Mwosha Maiti

Nimepanda treni nyingi maishani, lakini behewa lile la asubuhi bado linanifuata. Mbele yangu aliketi mama mwosha maiti, ndoo yake miguuni, na ubavuni mwake binti asiyemjua, simu mkononi.

"Nasikia ni wewe uliyemwosha yule dada mwimbaji jana," binti alisihi. "Niambie tu ulichokiona, mama. Nikikurekodi, jioni watu laki tatu watakujua!"

"Wanijue ili wanipe nini, mwanangu? Tunachokiona mwilini tunakizika nao. Hiyo ni amana yangu kwa Mungu."

"Siku hizi asiyeonekana hayupo, mama."

"Mungu naye haonekani. Kamwambie hayupo."

Nikajikohoza ili nisicheke. Binti hakukata tamaa. "Basi mikono tu, mama. Uso siutoi."

Mama akaificha mikono chini ya mtandio, kisha akamtazama binti kuanzia unyayo hadi utosi, taratibu, kama fundi apimaye kitambaa.

"Juzi huyo mwimbaji naye alikaa hapo hapo ulipokaa," akasema. "Akaniomba hivyo hivyo, mikono tu. Nikamnyima. Jana mikono hii hii ikamfikia, na simu hakuwa nayo."

Treni ikasimama. Mama akabeba ndoo yake, akashuka bila kugeuka nyuma. Binti alibaki ameinamia simu. Kumbe alama nyekundu ya kurekodi ilikuwa inawaka muda wote, na kidole chake kilikuwa juu yake, hakijaibonyeza.