Mwalimu Apolline na Mwanga Wenye Meno

Kila asubuhi, kabla hajamsalimia mtu, Mwalimu Apolline Kashindi alikuwa akinyoosha mkono mbele ya uso wake, anafumba jicho moja, anahesabu vidole. Kisha anafumba la pili na kuhesabu tena. Vikitimia, ndipo alipokwenda kuwasha moto. Kwa miaka mingi mume wake, Papa Hippolyte, alidhani ni namna yake ya kusali.

Alizaliwa Wamaza, teritware, yaani wilaya, ya Kabambare, tarehe 3 Mei 1970, mtoto wa nne wa wakulima wa mpunga. Bibi yake, mzaa mama, aliishi nyumba ileile. Mara kwa mara bibi huyo alinyamaza ghafla, akatazama pembeni na kusema anaona moto unaotembea. Majirani wakamwita mchawi, wakaacha kula kwake. Siku ya kumzika walikuja watu wanne. Apolline, akiwa na miaka saba, aliwahesabu.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Wamaza, kisha sekondari Kasongo, akapata diplome ya serikali, cheti cha kumaliza sekondari, mwaka 1990. Alikuwa na miaka kumi na saba mwanga ulipomjia darasani: nukta nyeupe katikati ya daftari, ikapanuka, ikawa mstari uliovunjikavunjika kama meno ya msumeno, unatetemeka. Ndani yake herufi zilitoweka. Baadaye kichwa kikamuuma hadi akatapika. Likizoni alimweleza mama yake peke yake. Mama akafunga mlango kwanza.

“Usiseme kwa mutu,” alimwambia. “Na usichore. Kitu chenye kuchorwa kinajua njia ya nyumba.”

Alitii kwa miaka thelathini na minne.

Kuanzia Septemba 1990 alifundisha kusoma, darasa la pili, hapa Kasongo. Mwanga ulipomeza nusu ya ubao, aliketi na kusema, “Someni nyinyi, mimi niko nasikiliza.” Inspekta mmoja alifika siku kama hiyo, akaisifu njia hiyo mpya na kuwaagiza walimu wengine waifuate. Apolline alimshukuru akiwa bado ameketi.

Aliolewa na Papa Hippolyte, fundi wa baiskeli, tarehe 24 Julai 1993. Walipata Magloire na Glody, wakamlea pia Sifa, mtoto wa marehemu dada yake. Mumewe hakuambiwa habari ya mwanga. Apolline aliogopa kurudishwa Wamaza, na aliogopa zaidi mazishi ya watu wanne.

Mwaka 2021 Sifa alirudi likizo kutoka chuo kikuu cha Kindu. Alikuwa amesoma kwamba kuna wagonjwa wa kichwa wanaoona mwanga wenye meno, wakauchora ili daktari naye auone. Tangu utotoni alikuwa ameona jinsi mama yake mdogo alivyogeuza shingo na kupapasa maneno. Bila kuomba ruhusa, alitengeneza kwenye simu picha inayotembea ya mwanga kama huo, akaiweka mbele ya mama yake mdogo.

Apolline alipiga kelele, akaifunika simu kwa beseni la sombe, majani ya muhogo. Jirani yao, Mama Djamila, akaja mbio.

“Sifa! Umeingiza nini mu simu? Toa hiyo shetani!”

Beseni likaanza kulia tii, tii. Betri ilikuwa inakwisha.

“Shetani gani mwenye kuomba chaji?” akauliza Papa Hippolyte.

Apolline alicheka, halafu akalia. Aliinua beseni mwenyewe. “Hapana vile,” akasema. “Meno iko ndogo kuliko hii. Na inatembea pole pole, kama mutu mwenye kuvuka mto.” Mumewe alisikiliza yote, kisha akasogeza kiti chake karibu.

Walirekebisha picha ile kwa siku tatu, wakamtumia Daktari Déo, ambaye Sifa alimjua kule Kindu. Aliitazama mara mbili, akauliza maswali mengi. Akasema ni kipandauso, ugonjwa unaoanzia kwenye ubongo. Si jini wala uchawi. Akaonya: siku giza likija ghafla, bila kutembea, wakimbilie hospitali, maana huenda ni kiharusi. Wanawake wawili wa sokoni walioiona picha walisema, “Ni ile yangu.”

Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, akiwa darasani, aliona nusu ya ubao imezimika. “Ya leo haitembei,” aliwaambia wanafunzi, akawatuma kwa mumewe. Pikipiki ilimfikisha hospitali upesi, lakini mashine ya kupiga picha ya kichwa ilikuwa mbali na barabara ilikuwa matope. Alifariki Ijumaa, tarehe 14, akiwa na miaka hamsini na mitano.

Ameacha mume, watoto Magloire na Glody, Sifa, wajukuu watatu, na wote aliowafundisha kusoma. Mungu ampokee na kumpumzisha.

Alhamisi mchana, siku moja kabla hajafariki, Sifa, asiye mwepesi wa kuuliza, alimuuliza jambo moja kando ya kitanda cha hospitali: “Mama mudogo, uko unaogopa?”

“Ndiyo,” alijibu. “Niko naogopa. Ukae hapa.”